Orvieto juu ya mwamba wake

Mgeni anayefika Orvieto na kuuliza habari za mji huambiwa mara neno moja: hapa ndipo ilipozaliwa sikukuu ya Mwili na Damu ya Bwana wetu Yezu Kristu, na ilizaliwa kwa sababu ya matone ya damu yaliyoanguka juu ya kitambaa cha altare kule Bolsena, mwaka 1263. Hivyo husema wenyeji, hivyo husema vitabu vidogo vinavyouzwa karibu ya kanisa, na hivyo wengi wetu tulisimuliwa katika mafundisho ya dini. Sisi tulipanda Orvieto tukiwa na habari hiyo moyoni. Lakini ukiisoma barua yenyewe ya Papa aliyeiweka sikukuu, hukuti ndani yake hata neno moja juu ya Bolsena. Basi tunataka kuwaeleza wasomaji wetu mambo mawili kwa pamoja: tuliyoyaona kwa macho katika mji ule na kando kando yake, na yale yaliyoandikwa na watu wa wakati ule. Mara nyingine mambo hayo mawili yanapatana vizuri. Mara nyingine hayapatani.

Orvieto ni mji wa nchi ya Umbria, katikati ya Italia, mwendo wa kilometa 120 hivi kaskazini ya Roma. Njia ya treni inapita bondeni, karibu ya mto Paglia unaokwenda kuingia katika mto Tiber. Ukishuka katika kituo na kuinua macho, huoni mji kwanza, unaona mwamba. Umesimama peke yake katikati ya bonde, juu yake ni tambarare kama meza, na kando zake zimekatwa wima kama ukuta, fasi zingine meta 50 na zaidi. Rangi yake ni ya asali. Nyumba za ukingoni zimejengwa kwa jiwe lile lile, hata huwezi kujua kwa mbali mwamba unaishia wapi na ukuta wa mtu unaanzia wapi. Mtu hupanda kwa treni ndogo inayovutwa na kamba ya chuma. Ilifunguliwa mwaka 1888, na zamani zile haikuwa na moto wala umeme: gari la juu lilijazwa maji, likashuka kwa uzito wake, na katika kushuka likalivuta gari la chini. Ilifungwa mwaka 1970, ikafunguliwa tena mwaka 1990 kwa nguvu za umeme.

Mwamba huo ulitoka wapi? Wasomaji wetu wa Goma watafahamu upesi kuliko wengine. Wao wanajua volkano ni kitu gani: mwaka 2002 moto wa Nyiragongo uliingia katikati ya mji wao, na mwaka 2021 ulishuka tena. Lakini jiwe jeusi la Goma ni jiwe lililotiririka kama uji wa moto, kisha likaganda. Jiwe la Orvieto ni la namna nyingine. Ni majivu na kokoto za volkano, zilizorushwa na kumwagika juu ya nchi yote zaidi ya miaka 300,000 iliyopita, zikashikamana pole pole hata zikawa jiwe. Waitalia huliita tufo. Ni jiwe jepesi, na mtu mwenye sururu anaweza kulichimba bila kutoka jasho nyingi. Chini ya tufo kuna udongo wa mfinyanzi, ulioachwa na bahari ya zamani. Hapo ndipo penye matata. Maji ya mvua yanapita katika nyufa za jiwe, yanafika kwenye udongo, udongo unalainika na kuteleza, na jiwe la juu, likikosa pa kukaa, linakatika na kuanguka. Katika miaka ya 1970 ukingo wa mji ulianza kubomoka hivyo, na serikali ya Italia ilipaswa kutunga sheria maalum mwaka 1978, na tena mwaka 1987, ili mwamba ufungwe kwa vyuma na maji machafu yaongozwe vema. Mji unaoonekana kwa mbali kuwa na nguvu kuliko miji yote ni mji unaohitaji kushikwa mkono.

Kwa kuwa jiwe ni laini, watu wamelitoboa kwa miaka zaidi ya 2,500. Chini ya nyumba kuna mapango 1,200 hivi: visima, ghala za divai, mashine za kukamulia zeituni, njia za siri. Tuliingia katika mapango mengine ambayo kuta zake zimejaa vitundu vidogo vya mraba, mstari juu ya mstari. Vilikuwa viota vya njiwa. Njiwa hutoka kwa dirisha la mwambani, hujitafutia chakula bondeni, na hurudi wenyewe kulala. Mwenye nyumba hana kazi ila kuwachukua na kuwapika. Katika siku za vita, adui akiwa ameuzunguka mji, hiyo ilikuwa nyama isiyohitaji kupita mlangoni.

Wa kwanza kuchimba walikuwa Waetruski, taifa lililokuwa na nguvu katika Italia mbele ya Waroma. Wataalamu wengi wanakubali kwamba hapa ndipo palipokuwa mji wao mkubwa Velzna, ambao Waroma waliuita Volsinii. Makaburi yao yangali chini ya mwamba, yamepangwa kama nyumba za kijiji kwenye barabara zilizonyoka, na jina la mwenye kaburi limechongwa juu ya mlango. Mwaka 264 mbele ya Kristu Waroma waliuteka mji, wakauharibu, na watu waliosalia wakawahamisha kando ya ziwa la Bolsena. Mwamba ukabaki na jina la mji wa zamani tu, kwa Kilatini urbs vetus, na kwa kutamkwa na vinywa vingi likawa Orvieto. Mwaka 538 Wagoti walikuwa wamejifungia juu yake, na Belisario, jemadari wa Kaisari wa Konstantinopoli, akawatoa, si kwa upanga bali kwa njaa.

Njaa na kiu, hao ndio waliokuwa adui wa kweli wa mji wa namna hii. Jambo hilo linaonekana wazi kuliko po pote katika kisima kinachoitwa cha Mtakatifu Patrisi. Mwaka 1527 askari wa Kaisari Karlo V waliiteka Roma na kuiharibu vibaya. Papa Klementi VII alifungwa katika ngome ya Sant'Angelo miezi kadhaa, hata mwezi wa Desemba akatoka usiku amevaa nguo zisizo zake, akakimbilia Orvieto. Alikaa katika nyumba mbovu yenye baridi, na huko ndiko walikomkuta wajumbe wa mfalme Henry VIII wa Uingereza, mwaka 1528, walipokuja kumwomba avunje ndoa ya mfalme. Papa huyo aliyetoka kufungiwa aliogopa kufungiwa tena. Akamwamuru Antonio da Sangallo, fundi mjenzi hodari, achimbe kisima kitakachowapa watu maji hata kama mji umezungukwa na adui.

Fundi alichimba meta 53 kwenda chini, upana meta 13. Lakini ajabu si urefu wake. Ndani ya ukuta wa kisima alizungusha ngazi mbili, kila moja yenye madaraja 248, moja juu ya nyingine kama nyuzi mbili zilizosokotwa, na hazikutani ila chini, kwenye daraja dogo linalopita juu ya maji. Nyumbu alishuka kwa ngazi moja na viriba vitupu, akapakiwa maji, akapanda kwa ngazi ya pili, bila kukutana na mwenzake anayeshuka. Madirisha 70 hivi yanaleta mwanga kutoka katikati. Tulishuka, tukahesabu ngazi kwa kushindana, na katika kupanda hakuna aliyehesabu tena. Kazi ilimalizika mwaka 1537, Klementi akiwa amekwisha kufa miaka mitatu, na adui aliyeogopwa hakuja.

Lakini Klementi hakuwa Papa wa kwanza kupanda Orvieto kutafuta usalama. Katika karne ya 13 mambo yalikuwa hivyo mara nyingi. Roma ilikuwa na jamaa kubwa zilizopigana mitaani, na vita kati ya Mapapa na ukoo wa Kaisari Frederiko havikwisha. Basi Papa na makardinali wake, na waandishi wake, na farasi wake, walihamahama: mara Viterbo, mara Perugia, mara Anagni, mara Orvieto. Mmoja wao, Martino IV, aliwekwa wakfu Orvieto mwaka 1281. Huyu alipenda mno mikunga ya ziwa la Bolsena, hata mshairi Dante akamweka toharani kwa sababu ya samaki hao. Historia ina ulimi mkali.

Papa tunayemtafuta sisi ni Urbano IV. Jina lake lilikuwa Jacques Pantaléon, mtoto wa fundi wa viatu wa Troyes katika Ufaransa. Hakuwa kardinali. Alikuwa Patriarka wa Yeruzalemu, na alikuja Italia kutafuta msaada kwa Wakristu wa Nchi Takatifu, makardinali wachache waliokusanyika Viterbo wakashindwa kupatana juu ya mmoja wao, wakamchagua yeye mwaka 1261. Tangu siku hiyo hata kufa kwake hakuingia Roma hata mara moja. Kutoka mwaka 1262 mpaka Septemba 1264 alikaa Orvieto, na pamoja naye alikuwako mwalimu mmoja wa shirika la Mtakatifu Dominiko, mnene wa mwili na mchache wa maneno, aliyefundisha ndugu zake katika konventi ya mji huo: Thomas wa Aquino.

Sasa tuingie katika kanisa kubwa. Ukitokea katika vichochoro vyembamba vyenye kivuli, unalifikia ghafula, na macho yanauma kwa mwanga. Kuta za pembeni ni mistari ya jiwe jeupe na jiwe jeusi, na uso wake unameta dhahabu na rangi zote. Jiwe la kwanza liliwekwa mwaka 1290 na Papa Nikolao IV. Kuanzia mwaka 1310 kazi iliongozwa na Lorenzo Maitani wa Siena mpaka alipokufa mwaka 1330, na chini, penye nguzo nne kubwa za ukuta wa mbele, zimechongwa habari zote tangu kuumbwa kwa ulimwengu hata hukumu ya mwisho. Tulikaa muda mrefu mbele ya nguzo ya kwanza. Mungu anainama juu ya Adamu aliyelala, na malaika wawili wamesimama nyuma kama watumishi wa Misa wanaongoja zamu yao. Ndani, upande wa kuume, kuna kikanisa kilichoanzwa kupakwa picha mwaka 1447 na Fra Angelico, mtawa Mdominiko, na kumalizwa na Luca Signorelli kati ya miaka 1499 na 1504: wafu wanatoka udongoni kwa nguvu ya mikono yao, wengine bado mifupa mitupu. Watu wengi huja Orvieto kwa ajili ya picha hizo tu, na hatuwezi kuwalaumu.

Upande wa kushoto ni kikanisa cha korporale. Humo picha za ukutani zinasimulia habari tuliyoitaja mwanzoni. Padri mmoja wa Bohemia, ambaye watu humwita Petro wa Praha, alikuwa akienda Roma kuhiji. Moyo wake ulisumbuliwa na mashaka: je, ni kweli mkate unageuka kuwa Mwili wa Kristu? Alipofika Bolsena alitoa Misa juu ya kaburi la Mtakatifu Kristina, na alipoimega hostia, damu ikatoka ndani yake ikalowanisha korporale. Padri akakimbilia Orvieto kuungama kwa Papa. Urbano akamtuma askofu kukileta kitambaa, naye mwenyewe akatoka na watu wote kukipokea kwa magoti penye daraja la bondeni. Mwaka 1337 na 1338 Ugolino di Vieri, fundi wa Siena, alitengeneza kwa ajili yake sanduku la fedha lenye picha za rangi kama kioo, na umbo lake ni sawasawa na uso wa kanisa lenyewe. Kila mwaka katika sikukuu ya Ekaristia, korporale hupelekwa kwa maandamano katika njia za mji, na watu wamevaa mavazi ya zamani zile.

Hiyo ndiyo habari inavyosimuliwa. Barua ya Papa yasemaje? Inaitwa Transiturus, na imeandikwa Orvieto, tarehe 11 Agosti 1264. Urbano anasema kwa urefu juu ya karamu ya mwisho na juu ya upendo wa Bwana anayejitoa awe chakula. Anaeleza kwa nini Alhamisi Kuu haitoshi: siku ile Eklezya ina kazi nyingine nyingi, kupatanisha wakosefu, kubariki krisma, kuosha miguu, na haipati nafasi ya kuishangilia Sakramenti hii peke yake. Tena anaongeza jambo dogo ambalo msomaji wa haraka anaweza kulipita: kwamba zamani, alipokuwa katika daraja la chini, alipata kujua kuwa Mungu amewafunulia Wakatoliki fulani kwamba sikukuu hii inapaswa kuadhimishwa katika Eklezya yote. Damu ya Bolsena haitajwi. Padri wa Bohemia hatajwi. Korporale haitajwi, na barua imetoka katika mji ule ule ambamo ingekuwa imehifadhiwa.

Wakatoliki hao fulani ni nani? Hapo inatupasa kuondoka Italia kidogo na kwenda Liège, katika nchi iitwayo leo Ubelgiji, ambako walitoka wengi wa wapadri waliotuletea Injili katika Kongo. Jacques Pantaléon alikuwa arkidiakono katika jimbo la Liège mbele ya kuwa Patriarka na Papa. Karibu ya mji huo, kwenye kilima cha Cornillon, palikuwa na nyumba ya wenye ukoma, na ndani yake mtawa Juliana, yatima aliyelelewa humo. Tangu ujana wake aliona katika sala mwezi mzima unaong'aa, lakini umekatwa na mstari mweusi. Akafahamu kwamba mwezi ni Eklezya, na mstari ni sikukuu inayokosekana, ya Sakramenti ya altare. Alinyamaza karibu miaka ishirini. Mwisho akawaeleza watu wachache, nao wakauliza shauri kwa wenye elimu. Arkidiakono Jacques alikuwa mmoja wa walioulizwa. Mwaka 1246 askofu Robert wa Liège akaiweka sikukuu katika jimbo lake. Lakini askofu akafa mwaka ule ule, na Juliana akapata adui katika nyumba yake mwenyewe, akafukuzwa, akatangatanga kutoka konventi hata konventi, akafa Fosses mwaka 1258. Hakuiona siku ya Orvieto.

Rafiki yake aliiona. Huyo ni Eva, aliyejifungia maisha yote katika chumba karibu ya kanisa la Mtakatifu Martino pale Liège. Tarehe 8 Septemba 1264, Papa Urbano alimwandikia yeye binafsi. Alimjulisha kwamba tamaa yake imetimia, kwamba yeye Papa ameiadhimisha sikukuu pamoja na maaskofu na makardinali waliokuwa naye, na kwamba anamtumia daftari yenye sala za siku hiyo. Tufikiri kidogo. Mkubwa wa Eklezya yote, mgonjwa, amezungukwa na vita, amebakiwa na siku chache za kuishi, anamwandikia mwanamke asiye na cheo aliyefungiwa katika chumba huko kaskazini. Humo pia Bolsena haimo.

Je, tuseme kwamba habari ya Bolsena ni ya uwongo? Hapana. Kunyamaza si kukana. Mambo mengi yanaipa nguvu: Urbano alikuwa kweli Orvieto mwaka 1263, Bolsena iko kweli kwenye njia ya mahujaji watokao kaskazini, kitambaa kiko, na kiliheshimiwa sana katika karne ya 14, kama sanduku lake linavyoshuhudia. Lakini kati ya mwaka 1263 na sanduku hilo imepita zaidi ya miaka 70, na maandiko ya wakati wenyewe hayasemi kitu. Hata kanisa kubwa, ambalo watu husema lilijengwa ili kukihifadhi kitambaa, lina jina la Bikira Maria Aliyepalizwa Mbinguni, na lilichukua fasi ya makanisa mawili ya zamani yaliyochakaa. Mwanahistoria mwaminifu atasema: muujiza unaaminiwa kwa mapokeo, lakini sikukuu ina mizizi ambayo tunaweza kuionyesha kwa barua, na mizizi hiyo iko Liège. Tunalisema kwa wenzetu wa seminari si kwa kupenda mabishano. Padri anayewafundisha watu kwamba sikukuu imesimama juu ya matone yale tu, siku moja atakutana na kijana aliyesoma, mwenye barua ya Urbano mkononi, na itakuwa vigumu kumjibu. Papa Paulo VI alipokwenda Orvieto tarehe 11 Agosti 1964, alikwenda kwa kutimia miaka 700 ya barua ile.

Kutoka Orvieto mpaka Bolsena ni kilometa 20 hivi kwa motokari. Njia inapanda tambarare ya mashamba ya mizabibu, halafu nchi inafunguka na ziwa linaonekana chini lote kwa mara moja. Wengine wetu tuliozaliwa karibu ya Kivu tulinyamaza. Ni dogo mno mbele ya Kivu, kilometa za mraba 113 hivi tu, lakini Waitalia husema ni ziwa kubwa kuliko yote ya Ulaya yaliyozaliwa na volkano. Nchi ilibonyea nyuma ya volkano kutapika vilivyokuwa ndani yake, maji yakajaza shimo, na penye kina kirefu yanafika meta 151. Visiwa viwili viko katikati. Katika kimoja, Martana, aliuawa mwaka 535 Amalasunta, malkia wa Wagoti, kwa shauri la ndugu yake aliyemshirikisha ufalme. Kando ya barabara inayoelekea Bolsena kuna kilima cha mawe meusi yenye pembe sita, yamelala pamoja kama kuni zilizopangwa. Wenyeji huyaita mawe yaliyotupwa. Kwa kweli hakuna aliyeyatupa, ni lava iliyopasuka yenyewe hivyo katika kupoa.

Kanisa la Mtakatifu Kristina limejengwa kwenye fasi alipozikwa shahidi huyo, na chini yake kuna makaburi ya Wakristu wa kwanza. Altare ya muujiza iko karibu ya kaburi, ndani ya pango lenye giza kidogo, na mawe machache yenye madoa yanaheshimiwa katika kikanisa cha pembeni. Tulipiga magoti pamoja na watu wengine. Hapa historia inalo neno lake pia: askofu mkuu Sigeric wa Canterbury, aliporudi kutoka Roma karibu ya mwaka 990, aliandikisha vituo vyake vyote, na kimoja ni Mtakatifu Kristina. Basi padri mwenye kutoka mbali, mwenye vumbi miguuni, anayeomba altare ya kutolea Misa asubuhi, hakuwa kitu kigeni kwa watu wa Bolsena. Walikuwa wakimwona kila siku. Katika sikukuu yenyewe wanawake na watoto hutandika njia za mji kwa maua yaliyochambuliwa, picha baada ya picha, na padri mwenye monstransi hupita juu yake. Katika misheni zetu watoto hutupa maua mbele ya Sakramenti; huko wanayatandika usiku kucha, na asubuhi yanakanyagwa yote.

Kutoka ziwani tulikwenda Bagnoregio, kwa sababu habari ya pili ya sikukuu hii inatuongoza huko. Watu husimulia kwamba Urbano aliwaagiza watu wawili watunge sala na nyimbo za siku mpya, Thomas na Bonaventura. Na Bonaventura, aliposikia Thomas akisoma kazi yake mbele ya Papa, alichana karatasi zake kimya kimya ndani ya vazi lake la Kifransisko. Ni hadithi tamu, inafaa kwa mahubiri juu ya unyenyekevu, lakini iitwe hadithi. Hakuna mtu wa wakati ule aliyeiandika. Juu ya Thomas ni mbali: Tolomeo wa Lucca, mwanafunzi wake aliyemfahamu vema, ameandika wazi kwamba alizitunga sala hizo kwa amri ya Urbano, na ingawa wataalamu walibishana siku nyingi, wengi leo wanamsadiki. Kila tunapoimba Tantum ergo mbele ya monstransi, tunaimba sehemu ya kazi ya Orvieto.

Bonaventura alizaliwa Bagnoregio, katika mtaa wa zamani unaoitwa Civita. Nao ni mwamba wa tufo kama Orvieto, lakini mdogo, na udongo chini yake umeliwa na maji pande zote. Mtu wa Bukavu, aliyeona nyumba zikiteremka na mlima wakati wa mvua, haulizi maana yake. Mabonde yanayouzunguka ni makorongo meupe, yenye migongo mikali kama visu, bila mti wala nyasi. Mwaka 1695 tetemeko la nchi lilibomoa sehemu kubwa, askofu na watu wengi wakahamia ng'ambo, na tangu hapo ukingo umekatika kidogo kidogo. Wenyeji huonyesha mahali palipokuwa nyumba ya wazazi wa Mtakatifu. Sehemu kubwa imekwisha kwenda bondeni. Njia ya nchi kavu haipo tena. Mtu hufika kwa daraja refu la miguu lililojengwa mwaka 1965, na vitu vinaletwa kwa pikipiki. Wanaokaa humo mwaka mzima hawafiki ishirini. Wageni wanaolipa kuingia ni maelfu kwa maelfu, na fedha yao inasaidia kuushika mwamba.

Urbano hakukaa kuiona sikukuu yake ikienea. Matata yalizuka Orvieto, akaondoka Septemba ile ile, akafa Perugia tarehe 2 Oktoba 1264, wiki chache tu nyuma ya barua yake. Majimbo mengi hayakuishika sikukuu, ikabaki karibu kusahauliwa, hata mtaguso wa Vienne katika miaka 1311 na 1312 ukaithibitisha tena, na mwaka 1317 Papa Yohane XXII akaitangaza pamoja na sheria nyingine. Bonaventura naye alikufa Lyon mwaka 1274, kwenye mtaguso. Mkono wake mmoja ulirudishwa Bagnoregio, ungali unaheshimiwa huko. Na katika kanisa dogo la Civita kuna Msalaba wa mti wa karne ya 15, ambao Ijumaa Kuu hushushwa, hubebwa kwa mabega juu ya daraja, na kupelekwa kwa maandamano mpaka Bagnoregio. Desturi yataka urudi mbele ya usiku wa manane. Ukichelewa, utabaki ng'ambo. Mpaka leo haujachelewa.